Hela za kikundi zinapatikana wapi? Maswali yanayoulizwa sana na vikundi vya mtaani (Tanzania Bara)

Haya ni maswali yanayojirudia kila kikundi kinapokaa kujadili hela: mkopo wa halmashauri, ruzuku, mfuko wa jimbo, wafadhili, tenda. Majibu yanahusu Tanzania Bara, wa Visiwani angalieni swali la mwisho. Ukiona jibu linakurudisha kwenye swali jingine usiruke, maana vikundi vingi vinakwama kwenye vitu vidogo vya mwanzo.

## Mambo ya mwanzo

1. Mkopo, ruzuku, ufadhili... tofauti yake ni nini hasa?

Mkopo unarudishwa, hata ule usio na riba. Ruzuku hairudishwi ila unaitolea ripoti, na ukiitumia tofauti na mlivyoandikiana unaweza kudaiwa. Ufadhili kwa lugha ya mtaani ni neno la kila kitu, kuanzia kampuni inayowapa fulana za bonanza mpaka shirika linalowajengea kisima. Kabla hamjaandika barua yoyote jiulizeni kwanza mnachotaka kufanya kinaingiza hela au hakiingizi. Mradi wa kufyatua tofali unaingiza, huo ni wa mkopo. Kufundisha watoto wa mtaa kusoma jioni hakuingizi kitu, huo ukiuchukulia mkopo mtalipa kwa mifuko yenu wenyewe na mtagombana, kwa hiyo tafuteni ruzuku. Hili swali linaonekana la kitoto ila ndo linaua vikundi vingi kuliko hata wizi.

2. Lazima tusajiliwe? Na wapi?

Kama mnachangishana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya misiba na harusi mnaweza kuendelea hivyo hivyo miaka yote. Ila mkitaka hela ya mtu mwingine, lazima muwe na karatasi. Mlango wenyewe unategemea mnafanya nini:

Kikundi cha kawaida cha kijamii au cha uzalishaji kinatambuliwa na halmashauri kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yule mwenye ofisi pale pale kwa mtendaji. Kikundi cha kuweka na kukopa, yaani VICOBA na ndugu zake, kinaangukia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, na usajili wake pia unafanyika halmashauri kwa mamlaka yaliyokasimiwa na Benki Kuu. NGO ni kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na unaweza kusajili ya ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Timu za michezo zina msajili wao upande wa Baraza la Michezo la Taifa, sanaa ni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Msikimbilie NGO kwa sababu tu jina linasikika kubwa, soma swali la 18.

3. Sisi ni klabu ya jogging / kikundi cha kufa na kuzikana. Tunahesabika?

Kutambuliwa mnatambuliwa bila shida. Kupata mkopo wa halmashauri kwa ajili ya kukimbia asubuhi, hapana, maana kile kinachokopeshwa ni mradi wa kuingiza kipato. Klabu nyingi za jogging za Dar zimeliona hilo zikaanzisha kitu pembeni: maturubai na viti vya kukodisha, car wash, usafi wa mitaa. Hapo sawa, ila muwe mnaufanya mradi kweli, siyo mmeuandika jana ili fomu ijae. Wakija kukagua wanataka kuona viti.

4. Katiba tunaandikaje? Tuchukue ya kikundi kingine tubadilishe jina?

Watu wanafanya hivyo na ndo maana unakuta kikundi cha kinamama wa Mbagala kina kifungu kinachosema makao makuu yatakuwa Moshi. Kuchukua mfano siyo dhambi, afisa maendeleo wa kata mwenyewe anaweza kuwapa mfano, ila kaeni muisome yote kwa sauti kwenye kikao. Vitu vinavyoleta ugomvi baadaye ni vilevile kila mahali: kiingilio kinarudishwa au hakirudishwi mtu akitoka, mwanachama akifariki haki yake inaenda kwa nani, viongozi wanakaa muda gani, nani anasaini benki, kikundi kikivunjika mali inaenda wapi. Mkiviandika hivyo vitano vizuri, mengine yote ni mapambo.

5. Akaunti ya benki ni lazima? Hatuwezi kutumia namba ya simu ya mweka hazina?

Kwa mkopo wa halmashauri na karibu ruzuku zote akaunti ya benki yenye jina la kikundi ni lazima. Namba ya simu ya mtu binafsi ni yake, akifiwa na mume akachanganyikiwa akaitumia hela mtamfanya nini? Kwa michango ya ndani ya kila wiki kuna huduma za vikundi za kwenye simu kama M-Koba ambapo hela haitoki mpaka viongozi wengine waidhinishe, hiyo ni nzuri kwa akiba zenu ila haichukui nafasi ya akaunti. Benki wataomba cheti cha utambulisho, katiba, muhtasari wa kikao kilichochagua watia saini na NIDA (vitambulisho vya taifa) zao. Ulizeni kabla kuhusu makato ya mwezi, kuna akaunti za vikundi zisizokatwa, na dada wa dirishani hatakwambia kama hujauliza.

## Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri

6. Hizi ni hela za nani? Za mbunge? Za Rais?

Ni hela za halmashauri yenu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa soko, leseni, ushuru wa mazao, vitu kama hivyo. Ndo maana halmashauri ya jiji inaweza kukopesha vikundi vingi na halmashauri ya wilaya ya pembezoni ikakopesha vichache, siyo kwamba mnanyimwa, mfuko wenyewe ni mdogo. Kwa hiyo mkija kuambiwa hela imetolewa na mheshimiwa fulani pigeni makofi kwa adabu halafu mjue ukweli wake.

7. Si ulisimamishwa huu mkopo?

Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha madudu, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Ukarudi 2024 na kanuni mpya. Halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitishia benki, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, na wilaya kama Siha na Bumbuli. Zilizobaki zinatoa zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema mkopo wa halmashauri ulishafutwa, huyo alilala 2023.

8. Tunatakiwa kuwa wangapi, na vigezo vingine?

Wanawake na vijana ni watu watano kwenda juu. Watu wenye ulemavu wanaanzia wawili, hapo walilegezewa kwa sababu kuwapata wengi mtaa mmoja wanaofanya kazi inayofanana siyo rahisi. Kila mmoja awe Mtanzania, ametimiza miaka 18, ana NIDA, na anafanya au yuko tayari kufanya kazi ya kikundi. Ukomo wa umri wa vijana umeguswa kanuni zilipobadilishwa kwa hiyo msitegemee fomu ya zamani ya kwenye grupu la WhatsApp, chukueni kigezo cha sasa kwa afisa wa kata.

Na tafadhali, mtu mmoja vikundi viwili haiendi. Mfumo unamuona.

9. Tunaombaje?

Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa) unaoitwa Wezesha. Msiogope, siyo lazima muwe na kompyuta, afisa maendeleo wa kata kazi yake ni pamoja na kuwasaidia kujisajili. Mnachotakiwa kubeba ni cheti, katiba, majina na NIDA, taarifa za akaunti, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa ukiwa na sahihi za wote, na andiko la mradi lenye bajeti (swali la 13). Maombi yanajadiliwa ngazi ya kata, yanapanda halmashauri, mnatembelewa, mnapewa mafunzo, mnasaini mkataba, hela inaingia akaunti ya kikundi.

Jambo linalochelewesha zaidi ya yote ni majina. Kwenye cheti mmeandika Mwanaidi, kwenye NIDA ni Mwanahidi, benki wameandika M. Saidi. Mtu mmoja kawa watatu na kikundi kizima kinasimama kumsubiri. Kabla ya kwenda popote wekeni vitambulisho vyote mezani, mmoja asome herufi kwa herufi, mwingine aandike.

10. Tumeomba kitambo, kimya. Tufanyeje?

Kwanza jueni ombi liko ngazi gani, muulizeni afisa wa kata alifungue kwenye mfumo mbele yenu. Mara nyingi utakuta limerudishwa kwa marekebisho na hakuna aliyewaambia. Kama limepita na linasubiri hela, subirini, maana halmashauri inatoa kwa awamu kulingana na makusanyo. Kama limekataliwa ombeni sababu kwa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa na diwani ni wa kuwashirikisha pia, waheshimiwa hawa wanaingia vikao ambavyo nyie hamuingii, ila waendeeni kwa swali linaloeleweka, "ombi letu limekwama ngazi ya kata tangu mwezi fulani", siyo "mheshimiwa tusaidie".

11. Tumeambiwa tutoe "ya maji" ili jina lipite. Au tununue fomu.

Hakuna malipo ya kupitishwa. Anayewaambia hivyo, awe mtumishi au kishoka anayejifanya anajuana na watumishi, anatafuta rushwa. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba ni 113, simu ni bure. Wale wa kwenye Facebook wenye picha ya Rais na namba ya kutuma "ada ya uhakiki" ni matapeli wa moja kwa moja, hela ya serikali haitolewi inbox.

12. Rejesho likitushinda?

Semeni mapema. Kikundi kikienda ofisini chenyewe kikaeleza kuku wamekufa na ugonjwa, na kikawa na daftari la kuonyesha vifaranga vilivyonunuliwa na chanjo, kinasikilizwa na kinaweza kupangiwa upya. Kinachozima simu kinafuatwa nyumba kwa nyumba, na kumbukeni mnadhaminiana, deni la aliyehama Mwanza linabaki kwenu mliobaki Temeke. Hela inayorudi inakopeshwa kikundi kingine, kwa hiyo majirani zenu ndo wanaoisubiri.

## Ruzuku, mfuko wa jimbo na wafadhili

13. Andiko la mradi tumlipe mtu atuandikie?

Mnaweza kulipa, ila mimi sishauri kwa kikundi kidogo. Andiko la kununua linajulikana, limejaa "kuwajengea uwezo wanajamii katika nyanja mtambuka" na mkihojiwa hakuna hata mmoja anayejua maana yake. Andikeni kwa Kiswahili chenu, kurasa chache: sisi ni nani, tatizo gani lipo hapa kwetu na tumelijuaje, tutafanya nini mwezi kwa mwezi, nani atafanya, itagharimu kiasi gani, tutajuaje imefanikiwa, hela ikiisha nini kinaendelea. Mfadhili anayetaka Kiingereza mtafuteni mwalimu wa sekondari awatafsirie.

Bajeti ndo inasomwa kwanza, msidanganyike. Ukiandika "Vifaa 3,000,000" umejinyima. Mradi wa sabuni za maji andika lita ngapi za malighafi kwa bei gani, madumu mangapi ya lita 20, ndoo, mizani, chupa tupu, stika, nauli ya kutoka Kariakoo, na profoma ya duka (karatasi ya bei kabla ya kununua) iambatanishwe. Mkaguzi akiona mmeweka mpaka bei ya vizibo anaelewa kwamba hawa wameshawahi kuitengeneza hii sabuni. Halafu jumlisheni tena kwa kalkuleta, maandiko mangapi yanaanguka kwa sababu jumla haifanani na mistari yake.

14. Ruzuku zenyewe ziko wapi?

Inategemea kazi yenu:

Mazingira: Mfuko wa Misitu Tanzania unatoa ruzuku za upandaji miti, ufugaji nyuki, uhifadhi, na vikundi vya vijijini vinaruhusiwa. Programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ipo Tanzania kwa ajili ya mashirika ya kijamii, inafadhili uhifadhi, nishati na ardhi.

Utawala bora, haki, ushiriki wa wananchi: Foundation for Civil Society, ipo tangu 2003 na inatangaza wito wa maombi kwa vipindi. Wanawake na wasichana: Women Fund Tanzania. Kwa hizi mbili fuatilieni tangazo linataka asasi ya aina gani kabla ya kujaza chochote.

Majengo na vifaa, mfano bweni, wodi, kisima: ubalozi wa Japani una mpango wa misaada ya ngazi ya chini kwa miradi ya usalama wa binadamu. Wanapokea mashirika yasiyo ya faida, shule, hospitali, halmashauri. Hawalipi mishahara wala posho, kwa hiyo wanaowaza posho wapite mbali.

Sanaa: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ila huo ni mkopo, msije mkasema hamkuambiwa.

Karibu zote zina dirisha la maombi, linafunguliwa na kufungwa. Anayepeleka andiko dirisha limefungwa andiko lake linakaa kwenye kabati tu.

15. Wanasema "mchango wa jamii". Sisi hatuna hela, ndo maana tunaomba!

Mchango siyo lazima noti. Kiwanja alichotoa mzee wa kijiji, mchanga na mawe mliyosomba, siku za kazi za wanachama, chumba cha ofisi anachowapa mwenyekiti bure, vyote vinahesabika mkiviandika na kuviwekea thamani. Wanachama 15 wakichimba msingi siku nne ni siku 60 za kibarua, zidisheni na bei ya kibarua ya kwenu. Daftari la mahudhurio la siku hizo lenye sahihi litunzwe, maana ndo risiti yenu.

16. Mfuko wa Jimbo unaweza kukipa kikundi chetu hela?

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ni kwa ajili ya miradi ya jamii nzima: bati za darasa, saruji ya zahanati, madawati. Mbunge ndo mwenyekiti wa kamati lakini miradi inatakiwa itoke kwa wananchi. Kununuliwa cherehani za biashara yenu siyo kazi yake. Ila kikundi cha kujitolea mliojenga boma la darasa mpaka kwenye linta mnaweza kupitisha ombi la kumalizia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na maboma yaliyoanzwa na wananchi huwa yanasikilizwa.

## Msaada ambao siyo hela, na mambo magumu

17. Mimi ni mwanaume wa miaka 62, sina ulemavu. Nimesahaulika?

Kwenye asilimia 10, kweli huna fungu, na malalamiko haya ni ya haki kabisa, kinababa wengi wa umri huo wanalea wajukuu. Zilizobaki ni VICOBA na SACCOS, ruzuku za swali la 14 ambazo haziangalii umri, na kuna moja watu hawaijui: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalum, na wazee wamo pamoja na wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi kinatambuliwa kupitia taasisi wezeshi, mara nyingi halmashauri, kisha kinasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma. Usafi, chakula cha vikao, ushonaji wa sare, samani, fundi rangi, hizo ndo tenda zenyewe. TIN (namba ya mlipa kodi) mtaihitaji, TRA, watu wa kodi, wanatoa bure. Hii mimi naiona bora kuliko mikopo mingi, unauza kazi yako unalipwa, ingawa malipo ya serikali yanaweza kuchelewa na msipokuwa na akiba mtaumia.

18. Tuko kikundi cha kata, tugeuke NGO?

Kama kazi yenu imeshavuka na wafadhili mnaowalenga wanataka NGO, sawa. Mjue tu inakuja na mzigo: ada ya mwaka, ripoti ya mwaka, hesabu, na cheti chenye uhai wa miaka 10 halafu mnahuisha. Pia NGO inayopata ufadhili wa zaidi ya shilingi milioni 20 inatakiwa kupeleka mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10, na kuweka wazi kwa umma hela imetoka wapi. Kikundi chenye katibu mmoja anayeandika kwenye daftari la mwanae hakiwezi hayo. Tena NGO haigawani faida, wakati kikundi cha uzalishaji mnagawana, kwa hiyo wanaotaka kugawana mwisho wa mwaka wasijidanganye.

19. Mafunzo ya bure yapo?

Yapo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa usindikaji na sabuni (baadhi kuna ada ndogo), maafisa kilimo na mifugo wa kata ambao kwa kweli hawatumiwi ipasavyo, na afisa biashara wa halmashauri. Andikeni barua ya kikundi, msiende mmoja mmoja.

20. Mweka hazina katoroka na hela ya mkopo.

Siku hiyo hiyo nendeni benki mbadilishe watia saini au mzuie akaunti, mkiwa na muhtasari wa kikao cha dharura. Kisha polisi, mpate RB (namba ya taarifa yenu kituoni), kisha afisa maendeleo kwa barua, nakala kwa mtendaji. Msimalize kifamilia kimya kimya hata kama ni shemeji yenu, maana kwenye mkataba jina lililopo ni la kikundi na bila RB mtaonekana mlikula wote. Kama hela ilitoka kwa sahihi za watu watatu, hao wawili nao wana maswali ya kujibu.

21. Sisi tuko Zanzibar, haya yanatuhusu?

Asilimia 10 ya TAMISEMI ni ya Bara. Kwa Unguja na Pemba anzeni na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, ndo wenye mikopo ya vikundi na wajasiriamali, na usajili wa jumuiya ni kwa mrajisi wa huko. Maswali ya 4, 5, 9 upande wa majina, 13 na 15 yanawahusu vilevile.